Tuache kabisa futi na eka tubaki na mita na hekta?

Ploti_Bahati (Nakuru):
Habari zenu wadau. Nimenunua ploti huku Bahati, broka akaniambia ni moja kwa nane ya eka, futi 50 kwa 100, nikalipa. Juzi taito, yaani hati ya ardhi, imetoka imeandikwa hekta 0.045, na mimi hekta sijawahi tumia maishani, kwetu tangu babu ni eka tu. Nimekaa na simu nikapiga hesabu, moja kwa nane ya eka ni kama mita mraba 506 na yangu ni 450. Hizo 56 si ni nyumba ya vyumba viwili jameni! Mbona serikali isikataze mtu kutangaza ploti kwa futi, tuongee lugha moja?

Savea_KSM (Kisumu):
Pole sana ndugu. Hiyo 0.045 ni mita 15 kwa 30, hivyo ndivyo ploti nyingi hukatwa kwa ramani, halafu huku nje zinaitwa 50 kwa 100. Lakini mita 15 ni futi 49 na kidogo, na 30 haifiki futi 99. Na hata ungepewa 50 kwa 100 kamili bado si moja kwa nane, eka ni futi mraba 43,560, gawa kwa 8 ni 5,445, wewe ungekuwa na 5,000. Taito ziko kwa hekta miaka mingi, ni midomo yetu imebaki kwa futi, na anayejua tofauti ndiye anauza. Mimi nakubaliana na wewe kabisa, tangazo liandikwe mita.

FundiWaPaa (Kakamega):
Kwa ardhi sawa, kwa hardware msiguse. Mbao ni 4 kwa 2 na nanunua kwa futi, msumari ni inchi 3 lakini napimiwa kwa kilo, mabati ni mita 2 au 3, chuma milimita 12, paipu nusu inchi, na tepu yangu ina inchi na sentimita zote mbili so sijawahi kata mbaya. Mashine za mbao zimesetiwa kwa inchi, nani atalipa kuzibadilisha? Ni mteja.

MamaNafaka (Bungoma):
Wacha niseme ya soko. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, niachieni, mteja anaona ikijaa mpaka juu na mwenye pesa kidogo anapimiwa nusu bila kuona haya. Lakini gunia lipimwe kwa mizani! Mkulima analeta mahindi amehesabu debe, broka naye ana debe lake limepanuliwa, ndio mwenye jasho anatoka na hasara. Viazi huko kwenu Nakuru ni hivyo hivyo, sheria ilisema gunia ni kilo 50 na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, bado zinapakiwa hadharani, inaniuma sana. Hata gunia la mahindi la kilo 90 asili yake ni pauni 200 za mkoloni.

Ploti_Bahati:
Asanteni sana. Savea, nimeenda na tepu leo jioni, bikoni hadi bikoni, zile alama za mpaka, ni mita 15 na 30 kweli, kama ulivyosema. Dada yangu alikuwa alipe deposit ya ploti ya jirani kesho, broka ni yule yule. Nimempigia nikamwambia aitishe ramani kwanza, asome mita, ndio waongee bei.