Mrejesho: mashine ya kufulia, nimechukua ya mabeseni mawili

Wakuu, niliuliza mwezi uliopita: tupo watano, nyumba ya kupanga Tabata, maji ya mgao. Nichukue ya mlango wa mbele au ya mabeseni mawili?

Aliyesema nipime kwanza presha ya maji, ubarikiwe. Ndoo ya lita 10 ilichukua dakika nne na ushee kujaa, maana simtanki letu limekaa chini kabisa. Ya mlango wa mbele inajivutia maji yenyewe bombani, ingesubiri mpaka igome.

Basi nimechukua ya mabeseni mawili. Maji unamimina kwa ndoo. Huku inafua, kule inakamua. Kuhamisha nguo ni kwa mkono, sikatai, na shuka likilalia upande mmoja kwenye kukamua, mashine inarukaruka kama imepandwa na mashetani. Unafungua, unalipanga upya. Povu la nguo nyeupe tunalirudia kwa za rangi, kisha soksi za watoto.

Luku haijashtuka. Mashine hii haichemshi maji, na kwenye kuchemsha ndiko umeme mwingi unakoishia.

Kola za sare za shule? Mama watoto bado anazisugua kwa mkono kwanza.