Naomba ushauri: mechi kwenye runinga inatoa sauti bila picha

Habari zenu wakuu. Nimelipia kifurushi halali cha kutazama mechi mubashara, maana zile tovuti za wizi nimeachana nazo kabisa. Hizo hukatika penalti ikitaka kupigwa. Kwenye simu picha ni safi. Shida ni runinga. Nikichomeka waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu, mtangazaji namsikia vizuri, ila kioo ni cheusi tii. Video zangu za kawaida zinaonekana, kwa hiyo waya si mbovu.

Nimebadilisha kivinjari, nimesasisha programu, nimezima na kuwasha kila kitu. Nimesoma kwamba mechi hulindwa kwa HDCP (ulinzi wa kuzuia kunakili picha inayopita kwenye waya), na kifaa kimoja tu kisichoikubali hapo njiani huzuia picha. Runinga ni ya zamani, na katikati kuna adapta ya USB-C kwenda HDMI.

Mzee wangu haoni vizuri kwenye simu, na natamani sana tuangalie pamoja. Je, nianze kwa kubadilisha adapta, au ninunue kijiti cha kuchomeka kwenye runinga chenye programu ya huduma yenyewe? Na kama tatizo ni runinga, kijiti hicho kitasaidia kweli?