Shule binafsi Tabora: hiyo "kambi" ya darasa la nne ni bweni, acheni kutufanya wajinga

Wakuu, vipeperushi vya "Kutwa na Bweni" vimeshaanza kutapakaa kuanzia Kanyenye hadi Ipuli, kwa hiyo tusemezane mapema.

Tangu Machi 2023 bweni limepigwa marufuku kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Vishule vyetu vikafanya nini? Vikabadilisha jina tu. Mtoto wa miaka kumi anaambiwa alete godoro, ndoo na tranka, akae "kambi" mpaka upimaji wa darasa la nne uishe. Mzazi akigoma anatishiwa kuwa mtoto atafeli. Analala hapo, anaoga hapo, halafu si bweni?

Usajili wa shule na kibali cha bweni ni vitu viwili. Omba kuona vyote. Ukiambiwa meneja kasafiri navyo, peleka jina la shule kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri.

Bweni lenyewe mara nyingi ni nyumba ya kupanga: mlango mmoja, madirisha nondo tupu. Kyerwa, Kagera, mwaka 2020 moto wa bweni uliua wanafunzi 10, na bado watu wanachomelea nondo. Tafuta mlango wa pili, uone unafungukia nje, uulize ufunguo usiku anao nani na matroni analala wapi. Kwenye vitanda vya deka inama utazame cha chini: wa juu kafunga chandarua darini, wa chini hana pa kukifunga, kakikunja chini ya mto. Na mkoa wetu kwa malaria mnaujua. Vyoo, kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20, wavulana 25. Maji: simtanki la lita 5,000 kwa watoto 100 ni lita 50 kila kichwa. Bomba likikauka siku tatu Septemba, gawanya mwenyewe kuoga, kufua na choo.

"Wote wamepata A." Wote wepi? Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), hesabu watahiniwa wa darasa la nne 2022, halafu wa la saba 2025, shule ile ile. Walikuwa 38 wamebaki 21? Wapo walioshindwa ada, sawa, lakini karibu nusu ya darasa! Wengine huenda wamekaririshwa darasa au wamesukumwa wahame ili wastani upendeze.

Ada ya kipeperushi, tuseme 1,200,000, msiiamini mpaka msome ukurasa wa mwisho wa fomu ya kujiunga: rimu, sare za duka la shule tu, pesa ya tahadhari, ukarabati, mitihani ya ujirani mwema (ya pamoja na shule jirani), kambi. Dai jumla ya mwaka mzima kwa maandishi yenye muhuri. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la shule, sio namba ya simu ya mkurugenzi.

Kinachoudhi kuliko vyote ni uhamisho. Mtoto anahamishwa kupitia PREM, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wanafunzi, na mwalimu mkuu anaweza kuukalia mpaka umalize "deni" la muhula ambao mtoto hatausoma. Masharti ya kuondoka yaulizwe kabla ya kulipa hata shilingi, na kama mtoto yuko la nne au la saba, hama kabla hajasajiliwa kwa mtihani.

Wenye shule mpo humu. Njooni mtuambie kwa nini kibali cha bweni kinafungiwa kabatini.