Baiskeli inalala nje na masika ndiyo haya: turubai, kava au mabati?

Mgeni wa Umoja: Wadau, nimehamia ploti isiyo na stoo. Nakaa ghorofa ya nne na ngazi ni nyembamba, kwa hivyo baiskeli inalala uani, nimeifunga kwenye nguzo ya kamba za nguo. Wiki mbili tu za mvua, cheni imekuwa nyekundu kama udongo wa Kiambu. Ninunue nini?

Wa Gikomba: Turubai la mtumba, ulifunge kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mengine ni kupoteza pesa.

Mama Kasarani: Mimi turubai lilinitia hasara, ila kosa lilikuwa langu. Nilirudi jioni nimelowa, nikaifunika baiskeli vilevile ikichuruzika maji, nikakaza kamba mpaka chini. Asubuhi kufunua, matone yamejaa upande wa ndani kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mwezi haukuisha, spoku zikaanza kutu pale zinapoingia kwenye rimu.

Fundi Kawangware: Mama kasema kweli. Ifute kwanza, kisha funika juu tu na uache shibiri mbili chini hewa ipite. Halafu jueni hivi: mvua zikiisha, baiskeli ninazoletewa fremu huwa haina neno. Kinachoumia ni cheni, nyaya za breki na beringi za ekseli ya pedali. Maji huingilia kwenye bomba la kiti, yakateremka hadi kwenye zile beringi na kutuama humo. Siku moja unakanyaga, unasikia kwaru kwaru. Chomoa kiti, paka grisi kwenye nguzo yake, urudishe. Cheni nayo ikaushe kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari usiguse, vumbi la Januari litaganda humo.

Kiti Kikavu: Zamani tulivalisha kiti mfuko wa dukani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, natumia kofia ya kuogea. Wacheke tu, mimi nakalia pakavu.

Mzee wa Breki: Kava mpya ya dukani ni nzuri ikiwa na matundu ya hewa. Yangu ilikuwa nyepesi, jua likaichana kabla mvua za Oktoba hazijafika. Tena kava safi inamwambia mwizi hapa kuna mali. Turubai chafu hakuna anayelitazama mara mbili.

Mgeni wa Umoja: Asanteni. Leo cheni imepata mafuta na turubai limefika. Mwenye nyumba naye amekubali niegemeze mabati mawili ukutani, kwa gharama yangu. Tatizo ni kwamba wenye pikipiki wawili wa hapa ploti wameshaniuliza nafasi yao itakuwa upande gani.