Papa wawili, makadinali wale wale?

Wakuu, hili linaninyima usingizi. Aprili 1378 makadinali walimchagua Urbano VI, Roma. Septemba, karibu wote wale wale, wakamchagua Klementi VII kule Fondi, mji ulio kusini mwa Roma, ilhali Urbano bado yupo. Iliwezekanaje?

— Walidai walipiga kura kwa hofu. Umati ulivamia ukitaka Papa Mroma, hadi wakamvika kadinali mzee Tebaldeschi mavazi ya kipapa ili kuutuliza, naye hakuwa amechaguliwa! Lakini walimtumikia Urbano miezi kadhaa. Hapo siwaamini hata kidogo. Ukali wake ndio uliowakimbiza.

— Kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Pisa, 1409, makadinali wa pande zote mbili walitafuta suluhu, wakazalisha Papa wa tatu.

— Maskini waumini! Walimfuata nani?

— Aliyetambuliwa na mfalme wao. Ufaransa kwa Klementi, Uingereza kwa Urbano. Umoja ulirudi kwenye mtaguso wa Konstanz, 1417, alipochaguliwa Martino V.