Vijana wa mashini za boti: simuleta ya chumba cha injini ianze na zoezi gani?

FundiMokowe
Assalam aleikum. Hapa Mokowe tuna vijana tisa wa mashini za boti za hospawa 40, kuzifungua na kuzifunga si shida kwao. Tumepata simuleta (mtambo wa kuigiza) ya chumba cha injini cha meli kubwa. Tuanzie wapi? Na saa zake zinahesabiwa kuwa za baharini?

Zamu_Usiku
Waaleikum salaam. La pili kwanza: ile miezi 6 ya zamu inayodaiwa na STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia), kanuni III/1, ni ya melini, chini ya msimamizi. Simuleta husaidia kuthibitisha ujuzi tu.

Anzeni na meli iliyozima kabisa, haina umeme wala hewa. Jenereta ya dharura iwake na kushika mzigo ndani ya sekunde 45. Iendeshe kompresa, chupa ya hewa ya kuwashia injini ijae hadi kama bar 30, oili ipigwe pampu, ndipo jenereta ya kwanza iwashwe. Hiyo inaingia kwenye ubao mtupu (ubao wa swichi usio na umeme bado), haina wa kulinganishwa naye. Ya pili ndiyo kazi: volti sawa, masafa (hezi) juu kidogo, mshale wa sinkroskopu (kipimo cha kulinganisha jenereta na ubao) uzunguke polepole kama wa saa, swichi ifungwe mshale ukikaribia juu. Wenyewe husema "dakika 5 kabla ya 12". Kwa vijana wetu, hiyo 12 ni saa sita, waonyesheni kwa kidole.

Injini kuu ikigoma, wote hukimbilia mafuta. Kumbe gia ya kuzungushia (ya kugeuza injini polepole ikiwa imezimwa) haijatolewa, na hewa ya kuwashia imezuiwa makusudi kwa usalama.

Nozeli
Hapo sawa. Ila hitilafu mnazoweka kwenye zoezi msiwatajie. Joto la moshi likipanda silinda moja, shuku nozeli ya mafuta inayovuja au valvu ya moshi iliyoungua. Likipanda zote, hewa haitoshi: kichujio cha taabo (tabochaja, inayosukuma hewa ndani ya injini) au kipoza hewa kimechafuka. Mwanafunzi aseme sababu kabla hajagusa kitu, maana wengi huzima kengele bila hata kuisoma.

Na wachore mabomba kwa mkono kwanza. Valvu ya kubofya kwenye simuleta haikwami. Ya kweli imekula kutu, tena iko chini ya sakafu.

FundiMokowe
Shukran. Hitilafu ngapi kwa zoezi?

Nozeli
Moja. Zikiwa mbili mapema hivyo, watabahatisha tu.