Kuandaa nyumba kabla ya kuonyesha wateja: dalali anafaidika wapi?

MtaaKwaMtaa
Habari za kazi wakuu. Nina nyumba ya kuuza Tabata Segerea: vyumba 3, kimoja masta chenye kuta za zambarau, sebule na jiko la ndani. Iko tupu kwa miezi 5 sasa, mwenyewe amehamia Dodoma. Wateja wanakuja, wanazunguka dakika 10, wanaaga. Mwenye nyumba anasema nyumba nzuri inajiuza yenyewe, mambo ya kupamba ni ya Wazungu. Dalali anapata nini hasa akihangaika kuiandaa? Aanze na kipi, na nani alipe?

RangiMbili
Mkuu, mapambo weka pembeni kwanza. Faida yako iko kwenye bei. Mteja akiona duara la kahawia kwenye dari ya jipsamu, hapigi hesabu ya ubao mmoja, anapiga ya paa zima, halafu anaomba apunguziwe mamilioni. Kila doa unaloliacha ni hoja umempa bure.

Anza na bati, kisha dari, kisha kuta, rangi mwisho. Watu wengi wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, mvua ya kwanza inawaumbua. Ukishaziba panapovuja, usipake rangi ya maji moja kwa moja juu ya lile duara. Maji ya rangi yanayeyusha doa, linapanda tena juu. Paka koti moja la rangi ya mafuta, liache likauke siku nzima, ndipo uje na rangi ya maji. Ubao uliolegea au kuvimba kata, weka mwingine.

Ukuta unaomenyeka chini, kama futi 2 kutoka sakafuni, na una unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu wa ardhini. Ukipaka juu yake, baada ya wiki chache unavimba tena, na atakayepigiwa simu ni wewe dalali. Kagua nje: mara nyingi udongo umejaa kuliko usawa wa sakafu ya ndani. Ushushe hadi sentimita 15 chini ya sakafu, kwangua ukuta, uache ukauke. Kama muda hautoshi, mwambie mteja hali ilivyo na bei iakisi hivyo.

Hesabu ya rangi: sebule ya futi 14 kwa 16 ina kama mita za mraba 43 za ukuta ukitoa milango na madirisha. Lita 1 inafunika mita 10 hivi kwa koti, kwa hiyo koti 2 ni lita 9 kasoro. Ndoo ya lita 20 inamaliza sebule na chumba kikubwa kimoja. Chukua nyeupe ya maziwa, hiyo zambarau ya masta ifunike. Na usipake kiraka tu, kitaonekana. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

MamaFunguo
RangiMbili kasema vizuri, ila nyumba ya miezi 5 tupu ina ugonjwa wake: harufu. Chini ya sinki na kwenye matundu ya bafuni kuna maji kidogo yanayokaa kwenye kona ya bomba kuzuia hewa ya shimo. Nyumba isipotumika yanakauka, hewa inaingia ndani. Mteja hasemi kitu, anakunja pua tu na kuaga. Mwaga lita 1 au 2 kila tundu, vuta choo, kisha weka kijiko cha mafuta ya kula kwenye matundu ya sakafuni ili maji yasikauke upesi. Dawa ya kunukia bila kufanya hivyo inamfanya mteja ajiulize unaficha nini.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ambayo haijanunuliwa umeme muda mrefu, deni la kodi ya majengo linakatwa kwanza kwenye manunuzi, unaweza kupata yuniti chache kuliko ulivyotegemea. Nunua siku moja kabla, usisubiri mteja yuko getini. Jaza tenki pia. Bomba lisilotoa maji Segerea linaanzisha maswali ya nusu saa.

Osha nyavu za mbu kwa brashi na sabuni. Vumbi la kwenye nyavu linakula mwanga kuliko unavyodhani, na picha zinatoka na kiza. Balbu za chumba kimoja ziwe rangi moja. Picha piga simu ikiwa imelala, ukisimama konani, kimo cha kifuani, taa zimewashwa na mapazia yamefunguliwa.

MtaaKwaMtaa
Asante dada. Samani je? Kuna fundi seremala yuko tayari kuniazima.

MamaFunguo
Sebule na masta tu, vingine acha. Chumba kitupu cha futi 10 kwa 12 kinaonekana kidogo kwa sababu jicho halina cha kulinganisha. Kitanda cha 5 kwa 6 kikiwa ndani, mteja anaona kabati litakaa wapi. Kochi lisizibe njia ya mlangoni.

Andikianeni: orodha yenye picha za kila kitu, siku 30, nani analipia usafiri, nani analipia mkwaruzo. Yeye aweke namba yake ya simu kwenye kochi, anapata wateja pia. Pasipo mlinzi, usilaze godoro wala runinga humo.

RangiMbili
Kuhusu malipo: gharama ni za mwenye nyumba. Dalali akilipa mfukoni bila maandishi, nyumba inaweza kuuzwa na dalali mwingine kesho yake na rangi yako imo. Mpigie picha kila kasoro, weka bei ya fundi pembeni yake, mtumie. Akikataa vyote, omba angalau bati na dari. Akikubali, muandikiane kuwa nyumba iko mikononi mwako peke yako kwa miezi 3, na kwamba ulichotanguliza kinarudishwa kabla ya udalali kuhesabiwa.

MtaaKwaMtaa
Kesho napanda batini na fundi. Picha zikitoka naziweka hapa mzikosoe.